Juisi ya Moyo

Mtafiti hakuwahi kumheshimu shemeji yake, wala hakujisumbua kulificha jambo hilo. Dada yake alipoolewa naye, jamaa alikuwa wakala wa bima za magari. Baadaye akawa dalali wa viwanja ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuvikanyaga. Akaleta vifaranga, vikafa. Akauza magodoro yaliyosemekana kunyoosha mgongo wa mtu akiwa usingizini, na mgongo pekee ulionyooka ukawa wa kwake, kwa kukimbia wateja. Katika biashara zote hizo alivaa koti lilelile la kijivu, akatabasamu tabasamu lilelile, na watu wakamwita Meneja. Aliitika bila hata kuuliza ni meneja wa nini. Kila mtafiti alipolisikia jina hilo alisonya, hata akiwa mbele ya wageni.

"Usimsonye mume wangu," dada yake alimwambia mara nyingi.

"Sijamsonya yeye. Nimelisonya jina."

Yeye mwenyewe alifanya kazi ya kueleweka. Alikuwa na chumba chake mwisho wa ukumbi mrefu katika maabara ya chuo, chenye friji mbili, mizani ndogo, darubini, na harufu ya panya ambayo wenzake walisema imeshamwingia kwenye nywele. Miaka mingi alikuwa akishughulika na swali moja: kwa nini ugonjwa wa kisukari unaharibu moyo polepole, hata wa mtu ambaye sukari yake si ya kutisha, na kama kuna kitu kwenye mimea kinachoweza kuzuia uharibifu huo. Aliwatia panya kisukari kwa sindano, akawaacha waugue, kisha nusu yao akawapa maji ya majani machungu ya kichaka fulani chenye maua ya njano, baada ya kuyachuja na kuyakausha mpaka yakabaki unga wa rangi ya udongo. Mwishowe alikata vipande vyembamba vya mioyo yao, akavipaka rangi, akavitazama. Kwenye mioyo ya panya wasiopewa kitu, makovu yalionekana kama nyuzi za buluu zilizotapakaa katikati ya nyama. Kwenye mioyo ya wale waliopewa unga, nyuzi zilikuwa chache mno. Alirudia jaribio, akapata jibu lilelile. Akarudia tena.

Jumapili iliyofuata alikwenda kula kwa mama yao akiwa amejawa na furaha ambayo hakuizoea. Mama aliishi ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo alikuwa ameshona nguo za nusu ya mtaa kabla macho hayajachoka. Naye alikuwa na kisukari, na presha, na moyo ambao daktari alishasema umeanza kulegea. Dada alikuwepo, Meneja alikuwepo, sahani zilikuwa zimejaa. Na mtafiti, ambaye siku zote aliona ni kupoteza mate kuwaeleza watu hawa kazi yake, siku hiyo alieleza.

"Mioyo yao imekingwa," alisema. "Panya wana kisukari kikali, lakini ukiitazama mioyo yao utadhani ni ya panya wazima."

Meneja aliacha kutafuna. "Imekingwa kabisa?"

"Karibu kabisa."

"Kwa majani tu?"

"Kwa viambata vilivyomo kwenye majani. Si kila jani ni ugoro, shemeji. Kuna vitu humo vinavyozuia kutu ya mwilini, vinavyotuliza uvimbe, vinavyozuia nyama ya moyo isigeuke kovu."

"Majani gani hayo?"

Mtafiti alisimama akaenda dirishani, akaonyesha kwa uma. Chini, kando ya ukuta wa maegesho, kichaka chenyewe kilikuwa kimejiotea kati ya matairi mabovu. "Yale pale. Mnayapita kila siku."

Meneja naye akasimama, akatazama kwa muda mrefu. Mtafiti alifurahi. Alifikiri kwamba kwa mara ya kwanza tangu amjue, mtu huyu ameguswa na elimu.

Haikupita miezi mingi, Profesa, aliyekuwa mkuu wake wa kazi, aliingia maabara na chupa ya plastiki mkononi, akaiweka mezani mbele yake kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha.

"Hii ni ya kwenu?"

Ndani kulikuwa na maji ya kijani yaliyopauka. Juu ya karatasi ya chupa palichorwa moyo mwekundu uliokumbatiwa na mikono miwili, na chini yake maneno: *Juisi ya Moyo. Kwa wenye kisukari. Imethibitishwa na watafiti wa chuo.* Pembeni kulikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa koti jeupe, mtu wa kuokotwa mtandaoni, mwenye meno mengi. Nambari ya simu ilikuwa ya Meneja.

Mtafiti alicheka hadi machozi yakamtoka. Alifungua, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Sukari! Jamaa alikuwa ametia sukari kwenye dawa ya wagonjwa wa kisukari, ili inyweke. Alikuwa ameyachemsha majani kwenye sufuria kama chai, akayachemsha na kuyachemsha, na chochote cha maana kilichokuwemo kimeshaondoka na mvuke.

"Kumpa panya mmoja kipimo ninachompa mimi, ingebidi nimzamishe humu," alisema akifuta macho.

"Tuwaandikie mamlaka ya dawa," Profesa alisema.

"Kwa maji haya? Tutajishushia hadhi. Atachoka nayo kama alivyochoka na magodoro. Na nani atakunywa? Mtu aliyekunywa hii akadhani ametibiwa, huyo si kazi yetu."

Profesa alimtazama, akachukua chupa yake, akatoka. Mtafiti alirudi kwenye darubini. Jioni alimpigia dada yake simu akamkejeli kidogo, akamuuliza kama mwanamke mwenye meno ni mke mwenzake. Dada alikata simu. Ndivyo mambo yalivyokaa, mpaka asubuhi moja ambapo dada huyohuyo alipiga mwenyewe.

"Njoo kwa mama. Hawezi kupanda ngazi. Ameketi ghorofa ya kwanza, hataki kubebwa."

Alimkuta mama kwenye ngazi, amejiegemeza ukutani, kanga imemkaa vibaya, anahema kama aliyekimbizwa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba za ndala zimezama kwenye nyama. Lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Umekuja na panya wako?" aliuliza.

"Mama, unameza dawa zako?"

"Nameza."

"Zote?"

Mama alitazama pembeni. Mtafiti alipanda ngazi mbilimbili, akafungua kabati la jikoni ambako dawa zilikaa siku zote kwenye kopo la biskuti. Za sukari zilikuwepo, pakiti imeliwa nusu kama ilivyotakiwa. Za presha na za moyo hazikuwepo. Mahali pake zilijipanga chupa za kijani, kila moja na moyo wake mwekundu, kila moja na mwanamke wake mwenye meno.

Alishuka na chupa moja mkononi. 

"Nani amekuambia uache dawa za moyo?"

"Hakuna aliyeniambia niache. Mkwe wangu alisema hii inakinga moyo. Sasa moyo ukishakingwa, vile vidonge vya nini? Vilikuwa vinanikojoza usiku kucha. Za sukari alisema niendelee nazo, juisi haihusiki na sukari. Si mwongo, yule."

Mtafiti alielewa papo hapo. Hata utapeli wa Meneja ulikuwa na uangalifu wake: hakugusa kile ambacho kingemwangusha mteja siku hiyohiyo. Aligusa kile kinachoua taratibu.

"Mama, ile ni takataka! Ni maji ya majani yaliyochemshwa na mtu asiyejua kuchemsha hata yai!"

"Ni majani yako," mama alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Wewe ulisimama pale dirishani. Nilikuona kwa macho yangu."

Hospitali walimlaza mara moja. Daktari wa wodi, mwanamama mfupi asiyependa maneno mengi, alisikiliza mapafu, akabonyeza mguu kwa kidole akatazama shimo linavyochelewa kujaa, akauliza anatumia nini kingine zaidi ya dawa alizoandikiwa. Dada alianza kuikunja kanga ya mama. Mtafiti akaitoa chupa kwenye mkoba.

Daktari alisoma karatasi yote bila kubadili uso. "Watafiti wa chuo kipi?" aliuliza.

"Hakuna walichothibitisha," mtafiti alisema. "Mimi ndiye mtafiti mwenyewe."

"Oo," daktari alisema, na katika "oo" hiyo mtafiti alisikia sauti aliyoitambua, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiitumia kwa watu wengine. Alitaka kueleza kuhusu dozi, kuhusu panya, kuhusu tofauti kati ya sufuria na maabara. Daktari alishahamia kitanda cha pili.

Meneja alikuja saa ya kuona wagonjwa, koti la kijivu, matunda mkononi. Alimshika mama mkono, akamwita "mama yangu", akamwambia anaonekana ameshapata nafuu. Mama alitabasamu. Hilo ndilo lililomkata mtafiti maini: mama hakuwa amemtabasamia yeye tangu asubuhi. Kisha akamsikia Meneja akigeukia kitanda cha jirani, akimuuliza yule bibi taratibu, kwa huruma, "Nawe ni sukari, mama? Na moyo vipi?"

Mtafiti alimvuta kwa koti mpaka ukumbini.

"Unauza wodini? Kando ya kitanda cha mama yangu?"

"Nilikuwa nikimjulia hali tu."

"Shemeji, wewe ni mtu wa aina gani? Unajua kilichomo kwenye chupa zako? Hakuna kitu! Ili mtu apate kile nilichowapa panya wangu, angelazimika kunywa pipa zima kila siku, na bado sijui kama kingemfaa au kingemharibu ini!"

Meneja alifikiri. Kweli alifikiri, uso wote ulionyesha. "Pipa," alisema. "Kwa hiyo tatizo ni ujazo. Tunaweza kuanza na madumu."

Mtafiti alikuwa na matusi ya kutosha kwa mwongo na kwa mjinga, lakini mbele ya mtu ambaye aibu haikupata pa kumshikia, matusi yote yalionekana kujipoteza bure. Aligeuka akaondoka.

Siku ya tatu mama alianza kupumua vizuri. Waliongeza dawa za kukausha maji, miguu ikapungua, akaanza kuwalalamikia wauguzi kuhusu shuka zilizoshonwa kwa pindo la uvivu. Daktari aliandika dawa za kwenda nazo nyumbani, mtafiti akateremka na karatasi hadi dirisha la dawa la kliniki ya kisukari, upande wa nyuma wa hospitali, ambako foleni ilikuwa ndefu na benchi zimejaa.

Mtu wa mbele kabisa alikuwa amevaa kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Hakuwa na koti. Mtafiti hakumtambua mpaka mfamasia alipopaza sauti, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anajifanya hasikii.

"Hizi za sukari, asubuhi na jioni, baada ya kula. Hii ya presha mara moja. Na hii ndogo ni ya kulinda moyo, usiiache hata siku moja, umesikia baba? Mwezi uliopita ulichelewa kuja."

"Nimesikia," alisema Meneja, akakusanya pakiti haraka kama mtu anayeokota sarafu zilizomwagika.

Aligeuka, akamkuta shemeji yake anamtazama.

Watu wa foleni walingoja. Mtafiti alitazama kile kifuko cha plastiki. Kupitia plastiki hiyo alizisoma pakiti moja baada ya nyingine. Za presha na za moyo zilikuwa zilezile. Zilezile kabisa zilizotoweka kwenye kopo la biskuti la mama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa pili huu. Usimwambie mtu. Biashara itakufa."

"Na juisi? Hunywi?"

Meneja aliangalia huku na huku, akashusha sauti, akasema kwa uaminifu ambao mtafiti hakuwahi kuusikia kwake: "Shemeji, ile ni ya kuuza."

Mtafiti alikuwa amejiandaa muda mrefu kwa siku ya kumpigia kelele mtu huyu mbele ya umati. Umati ndio huu hapa. Lakini alichosema kilikuwa kifupi, na sauti ilitoka ya chini.

"Twende juu. Utamwambia mama mwenyewe."

"Mama yuko dhaifu, tusimtie presha..."

"Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi, na mimi unanijua."

Alimjua. Wakapanda. Meneja alisimama miguuni pa kitanda na kile kifuko mkononi, bila kofia, bila koti, na bila tabasamu alikuwa mtu mdogo tu mwenye kitambi na macho yaliyochoka. Dada alikuwa anamchana mama nywele. Alipokiona kifuko, mkono wenye kitana ulisimama, na mtafiti akajua kwamba dada alikuwa akijua.

Meneja alisema. Alizunguka kwanza, akataja mambo ya uchumi, ya familia, ya watu wengi waliomshukuru kwa juisi. Mama alimsikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Unameza asubuhi?"

"Asubuhi, mama."

"Kabla ya kuja kwangu?"

"Kabla."

"Zile siku ulizokuja kuniletea, ukakaa ukanitazama nikinywa, ulikuwa umeshameza zako?"

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, taratibu, kama alivyokuwa akitazama nguo iliyoshonwa vibaya na fundi mwingine na kuletwa kwake irekebishwe. Kisha alifanya kile alichokuwa akikifanya kwa nguo za namna hiyo. Aliisukuma kando.

"Mtoe," alimwambia dada. "Ananizibia hewa."

Meneja alitoka. Dada alibaki ameshika kitana.

"Nilidhani inaongezea tu," alisema, bila kumtazama yeyote. "Nilidhani mama anameza na vidonge vyake, juisi inaongezea. Mimi nilikuwa nabandika zile karatasi. Sikujua mama ameacha."

"Hukuuliza," mtafiti alisema.

"Nawe uliuliza?" mama alimwambia mtafiti kwa ukali. "Wewe ni lini uliwahi kukaa kwangu ukaniuliza nameza nini? Unakuja, unakula, unatazama saa, unasema 'mama punguza chumvi', unaondoka. Yule mwizi alikuwa anakaa. Alikuwa ananisikiliza habari za macho yangu. Ningeambiwa nichague wa kumwamini, ningemchagua nani?"

Mtafiti alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, lenye hoja, na lilikuwa la mtu mwenye dharau, na kwa mara ya kwanza hakulitaka. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha wageni, akabaki hapo mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha, mpaka muuguzi akaja kumfukuza.

Safari hii walewale wa mamlaka ya dawa waliandikiwa, na mwandishi alikuwa yeye. Walikuja wakachukua chupa zote pamoja na sufuria. Dada hakuongea naye kwa muda. Meneja hakukaa bure: baada ya wiki chache alionekana anauza matangi ya maji, koti lilelile, na walipokutana njiani alimwita "shemeji!" kwa furaha, kana kwamba waliachana wakicheka. Mtafiti alimpita kama anavyopita mtu nguzo ya taa. Hakumsamehe, na hakuona sababu ya kujilazimisha.

Kwa sababu ya ngazi, mama alihamia kwa mtafiti, katika nyumba ya chini yenye chumba kilichojaa vitabu. Alivisogeza vitabu, akalaani mapazia, akakataa supu. Asubuhi mtafiti alimwekea vidonge kwenye kisosi, akakaa mpaka vimezwe, naye mama akavimeza kwa hasira, kimoja kimoja, akimkazia macho.

"Kwa hiyo yale majani ni uongo?" aliuliza siku moja.

"Si uongo."

"Ni kweli?"

"Si kweli bado. Kwa panya ni kweli. Kwa mtu sijui. Huenda ikawa dawa, huenda isiwe kitu. Itachukua miaka."

"Na siku ile mezani mbona hukusema hivyo? Ulisema imekingwa. Hukusema sijui hata mara moja."

"Nilikuwa nimefurahi, mama."

"Ulikuwa umevimba kichwa."

"Na hilo pia."

Mama alisonya, msonyo mrefu wa kifundi, na mtafiti akatambua alikoutoa wa kwake. "Basi mmewaponya panya," mama alisema. "Hongera zao."

Kengele ya mlango ililia. Nje alikuwa dada, amelowa jasho, na miguuni pake cherehani ya mama, kichwa na meza yake, alivyovikokota kutoka kwenye teksi.

"Amesema anaitaka," dada alisema. "Macho hayaoni, lakini anaitaka."

Mtafiti alikuwa na neno moja kali lililokuwa limemkaa ulimini tangu hospitalini. Aliinama akashika upande mmoja wa meza.

"Shika huko. Si hapo, hapo patakuvunja vidole."

"Usinifundishe, nimeibeba tangu utotoni."

"Basi ibebe, unasubiri nini?"

Waliinyanyua pamoja, ikagonga fremu ya mlango, rangi ikabanduka.

"Nani huyo anayeniharibia mashine?" mama alipaza sauti kutoka ndani.